Laptopu ya zamani inaganda ikiwaka baada ya kupandishwa Windows 11: fanya haya kabla ya kuifomati

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, swali ninaloulizwa zaidi hapa Lamu ni moja, awe muulizaji ni wa Langoni, Mkomani, Shela au ng'ambo ya Mokowe: "Nimeipandisha laptopu yangu Windows 11, sasa nikiiwasha inaganda. Nifanyeje?" Wengi wao wamekwisha kupewa jibu na mtu wa karibu: ifomatiwe, iwekwe Windows mpya.

Jibu hilo silipendi. Kufomati kunafuta kila kilichomo kwenye diski, na mara nyingi hakukiondoi kilichoigandisha mashine. Kama diski inakufa, itaganda tena na hiyo Windows mpya. Kama ni draiva (programu ndogo inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa) isiyopatana na mashine, itajirudisha yenyewe mara tu laptopu ipatapo intaneti. Ndiyo maana hapa kufomati kumewekwa mwisho kabisa, na kuokoa mafaili kumewekwa mapema.

Laptopu ninazozisemea ni zile za mtumba wa Ulaya na Dubai zilizojaa madukani Mombasa na Nairobi: HP EliteBook, Lenovo ThinkPad, Dell Latitude na jamaa zao. Kwanza ijue yako ni ya umri gani. Tazama jina la prosesa: kwenye i5-4300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 4, basi hiyo ni ya kizazi cha nne. i5-8250U ni ya kizazi cha nane. Kwa prosesa za Intel, orodha ya Microsoft ya Windows 11 inaanzia hapo kwenye kizazi cha nane, kilichoanza kutoka mwaka 2017, isipokuwa chache sana. Inataka pia TPM 2.0 (chipu ya usalama), RAM isiyopungua GB 4 na diski isiyopungua GB 64. Ikiwa yako ni ya kizazi cha nne na ina Windows 11, aliyeiweka aliuruka ukaguzi huo, kwa kawaida kwa programu iitwayo Rufus. Nyingi hufanya kazi vizuri tu hata hivyo. Lakini mtengenezaji wa mashine hakuandika draiva za Windows 11 kwa ajili yake, na hapo ndipo matatizo mengi yanapoanzia.

Kabla ya kuanza

Kusanya hivi kwanza. Usianze na nusu yake ukitumaini vingine vitapatikana njiani.

- Chaja nzima na umeme wa kutegemewa. Betri ya laptopu ya zamani aghalabu haishiki chaji, na umeme ukikatika katikati ya matengenezo ya Windows, tatizo dogo linageuka kubwa. Kama mtaani kwenu umeme unakatika-katika, ifanyie kazi hii penye sola yenye betri au jenereta.
- Diski ya nje, au flashi kubwa, ya kuhamishia mafaili yako.
- Flashi nyingine ya GB 8 au zaidi isiyo na kitu cha maana. Huenda ikafutwa yote.
- Kompyuta ya kuazima yenye intaneti. Faili la Windows 11 linazidi GB 5, kwa hiyo tafuta Wi-Fi ya mtu badala ya kumaliza bando la simu.
- Nenosiri kamili la akaunti unayoingilia. Ukiwa kwenye Safe Mode (uwashaji wa tahadhari, tazama Hatua ya 4) huenda PIN isikubali.
- Ufunguo wa BitLocker, kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows inayoficha mafaili. Ni tarakimu 48. Utaupata kwa simu ukiingia account.microsoft.com/devices/recoverykey kwa akaunti ileile iliyomo kwenye laptopu. Uandike kwenye karatasi.
- Simu ya kupigia picha kila ujumbe wa hitilafu utakaotokea.

Je, imeganda kweli?

Hapa ndipo watu wanapojiharibia. Uwashaji wa kwanza baada ya kupandisha Windows si kama uwashaji wa kila siku. Mashine inahamisha mafaili, inapanga draiva, inajisajili upya. Kwenye SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, ni dakika chache. Kwenye diski ya kizamani inayozunguka, na RAM ya GB 4, inaweza kukaa saa nzima na zaidi. Mwalimu mmoja aliniletea yake akisema imekufa. Taa ya diski ilikuwa inapepesa bila kukoma. Tuliiacha ikiwa imechomekwa kwenye chaja, na asubuhi tukaikuta imefunguka yenyewe, haina kasoro.

Kwa hiyo jaribu haya kwanza:

- Bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima unapobonyeza, mashine bado inasikia.
- Tazama taa ya diski. Kama haina taa, tega sikio karibu na pahala pa diski; diski inayozunguka husikika ikifanya kazi.
- Sogeza kidole kwenye kipanya. Mshale ukienda, Windows iko hai, kuna kitu kimoja tu kinachoizuia.

Palipo na dalili ya uhai, ngoja. Mimi huipa saa 2 ikiwa diski ni ya kuzunguka. Na skrini ikiwa imeandika "Working on updates" pamoja na asilimia, usiizime hata kama asilimia imesimama pahala pamoja muda mrefu.

Inaganda wapi?

Kabla ya kugusa chochote, jibu swali hili, kwa sababu pahala inapogandia panakwambia mengi kuhusu kinachoigandisha.

Ikiwa inabaki kwenye nembo ya HP, Lenovo au Dell na hakuna vidoti vinavyozunguka chini yake, Windows haijaanza hata kidogo. Tatizo ni la kifaa au la mipangilio ya BIOS (programu ya ndani ya mashine inayoanza kabla ya Windows): flashi iliyosahauliwa, RAM isiyogusana vizuri, diski isiyosomeka. Kuna sababu moja zaidi kwa mashine za zamani sana. Toleo la 24H2 la Windows 11 linadai amri za prosesa ambazo Core 2 Duo, prosesa ya Intel ya kabla ya hizo i5, haina, na mashine ya namna hiyo haitafunguka kabisa hata ukifanya nini. Kama yako ni Core 2 Duo, ruka moja kwa moja hadi Hatua ya 10.

Ikiwa vidoti vinaonekana na vinazunguka bila mwisho, Windows imeanza lakini imekwama kwenye draiva, kwenye sasisho lililokatika katikati, au kwenye diski inayosomeka kwa taabu.

Ikiwa ni skrini nyeusi yenye mshale peke yake, mshukiwa wa kwanza ni draiva ya picha.

Na ikiwa unaingiza nenosiri, unafika ndani, kisha kila kitu kinasimama, tazama programu zinazojiwasha, antivirusi mbili zinazogombana, diski iliyojaa au RAM ndogo. Hali hii ndiyo nyepesi kuliko zote.

Andika yako ni ipi. Sasa tuanze.

Hatua ya 1: Vua kila kitu

Zima mashine kwa kubonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia kwa sekunde 10 au zaidi. Chomoa flashi, kadi ya SD, modemu, printa, kipanya cha nje, waya wa skrini ya pili, kila kitu. Chomoa chaja pia. Kama betri inatoka, itoe. Shikilia tena kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 ili umeme uliobaki ndani uishe. Rudisha betri na chaja tu, kisha washa.

Usiidharau hatua hii. Kadi ya SD iliyosahauliwa ubavuni inatosha kuisimamisha laptopu kwenye nembo, kwa sababu BIOS inajaribu kuwashia kutoka kwenye kadi hiyo.

Hatua ya 2: Jaribu michanganyiko miwili ya vitufe

Hii ni kwa wenye skrini nyeusi na mshale. Bonyeza pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Skrini ikipepesa na picha ikarudi, umekwisha kumjua mkosaji: ni draiva ya picha. Nenda Hatua ya 5.

Isiporudi, bonyeza Ctrl, Shift na Esc. Task Manager ikifunguka, chagua kuendesha kazi mpya, andika explorer.exe, bonyeza Enter. Desktop ikijitokeza, usishangilie bado. Imefunguka kwa leo tu. Itumie nafasi hiyo kunakili mafaili yako, kisha endelea.

Hatua ya 3: Ingia kwenye menyu ya urejeshaji

Kama unafika kwenye skrini ya nenosiri, njia ni rahisi. Bofya alama ya kuzimia pembeni chini, shikilia Shift, kisha bofya "Restart" huku bado umeishikilia.

Kama hufiki huko, itabidi umlazimishe Windows aone kwamba ameshindwa kuanza. Washa mashine, na vidoti vikianza kuzunguka izime kwa kukishikilia kitufe. Rudia. Baada ya kukatizwa mara mbili au tatu itaandika "Preparing Automatic Repair" na kukufikisha kwenye menyu.

Onyo: kukatiza huku kunafaa tu kwa mashine uliyokwisha kuhakikisha imeganda. Ukiikatiza inayosasisha, unaitengenezea ugonjwa mpya.

Ndani ya menyu fuata "Troubleshoot", kisha "Advanced options". Jaribu "Startup Repair" mara moja. Ikisema imeshindwa kutengeneza, usiirudie mara kumi. Jibu litakuwa lilelile.

Hatua ya 4: Safe Mode, na mafaili kwanza

Kutoka hapohapo "Advanced options", chagua "Startup Settings", halafu "Restart". Itakuja orodha yenye namba. Bonyeza 4 au F4. Hiyo ndiyo Safe Mode: Windows inaanza na draiva za msingi tu, bila programu za ziada.

Ikifunguka, una habari mbili njema. Diski inasomeka, na kiini cha Windows ni kizima. Tatizo limo kwenye draiva au programu zilizoachwa nje.

Sasa, kabla ya kutengeneza chochote, chomeka diski ya nje na unakili mafaili yako. Usiishie kwenye "Documents". Kagua Desktop, "Downloads" na "Pictures". Kagua pia mafaili ya kazi yako: alama za wanafunzi, daftari la wageni wa nyumba ya kulala, hesabu za boti, barua za chama. Bi mmoja anayeendesha nyumba ya wageni alikuwa ameweka bukingi za msimu mzima kwenye faili moja la Excel lililokuwa Desktop, na fundi aliyemfomatia alinakili "Documents" peke yake. Faili lile halikupatikana tena. Laptopu ni chuma, itanunuliwa nyingine. Kazi ya mtu haipatikani dukani.

Kama Safe Mode nayo inaganda, mafaili bado yanaweza kuokolewa. Tazama sehemu ya "Ukikwama" chini.

Hatua ya 5: Ondoa draiva ya picha

Ukiwa kwenye Safe Mode, bofya kulia kitufe cha Start, fungua "Device Manager", panua "Display adapters". Bofya kulia jina la kadi ya picha, fungua "Properties", nenda kichupo cha "Driver". Kama "Roll Back Driver" inabofyeka, ibofye. Itarudisha draiva iliyokuwapo kabla.

Kama haibofyeki, rudi nyuma, bofya kulia tena na uchague "Uninstall device". Weka alama kwenye kisanduku cha kuondoa na draiva yenyewe, kisha uwashe upya kama kawaida. Usiogope maandishi yakitokea makubwa na picha ikawa ya kukwaruza. Windows inatumia draiva yake ya msingi.

Ikiwa sasa inafunguka, nenda kwenye tovuti ya aliyeitengeneza laptopu, ingiza modeli kamili, na upakue draiva ya picha ya mwisho waliyoitoa. Itakuwa ya Windows 10, au hata 8.1. Ijaribu hiyo kabla ya nyingine yoyote. Jiepushe na zile programu zinazodai kutafuta draiva zote kwa mbofyo mmoja. Nimeona zikileta draiva ya modeli nyingine, na pamoja nayo matangazo yasiyokwisha.

Mashine zenye kadi mbili za picha, ya Intel na ya NVIDIA au AMD, ndizo zinazosumbua zaidi. Ondoa draiva zote mbili, rudisha ya Intel kwanza, tumia siku kadhaa, halafu ndipo uongeze ya pili. Ukiziweka zote kwa pamoja hutajua ni ipi iliyokugandisha.

Hatua ya 6: Zima Fast Startup

Ukibofya "Shut down", Windows haizimi yote. Inahifadhi sehemu yake kwenye diski ili kesho ianze haraka. Hiyo ndiyo Fast Startup, na draiva za zamani hazipatani nayo. Kuna kipimo chepesi. Zima kwa "Shut down" kisha washa. Halafu siku nyingine tumia "Restart", ambayo haipitii Fast Startup. Kama inaganda ya kwanza na haigandi ya pili, umempata.

Kuizima, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kama msimamizi na uandike:

powercfg /h off

Amri hii inazima na hibernate pia, na inakurudishia nafasi ya GB kadhaa kwenye diski. Kwa laptopu ya zamani mimi huizima hata kama haijagoma. Baada ya sasisho kubwa hakikisha haijajiwasha tena.

Hatua ya 7: Punguza mzigo

Fungua Task Manager, nenda kwenye orodha ya programu zinazojiwasha, zima zote usizozihitaji dakika ile ile ya kuwasha. Kama una antivirusi ya nje iliyowekwa enzi za Windows 10, iondoe kabisa. Windows Defender inatosha.

Kisha tazama nafasi ya diski C. Ikiwa imebaki chini ya GB 10 au 15, Windows 11 itakwama. Hamisha video na picha kwenye diski ya nje.

Onyo kubwa: unapotumia Disk Cleanup, usiweke alama kwenye "Previous Windows installation(s)". Ndiyo folda ya Windows.old, na ndiyo njia yako pekee ya kurudi Windows 10 bila kufomati. Watu wanaiona imekula GB 20, wanaifuta kwa furaha, na siku ya pili wanataka kurudi.

Hatua ya 8: Ondoa sasisho la mwisho

Kama kuganda kulianza baada ya sasisho la mwezi, wiki kadhaa baada ya kupandisha toleo, rudi kwenye menyu ya urejeshaji, "Advanced options", "Uninstall Updates", kisha uchague "latest quality update". Ikifunguka, sitisha masasisho kwa wiki moja au mbili kwenye "Settings".

Hatua ya 9: Kagua diski, kisha mafaili ya Windows

Kwa mpangilio huu, usiugeuze.

Anza na afya ya diski. Pakua CrystalDiskInfo, ya bure, uifungue. Ikiandika "Caution" au "Bad", acha kutengeneza Windows. Nakili kilichobaki, uibadilishe diski. Hakuna amri itakayoponya diski iliyochoka.

Ikiandika "Good", fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike moja baada ya nyingine, ukingoja kila moja imalize:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

sfc /scannow

chkdsk C: /f

Ya kwanza inahitaji intaneti, kwa hiyo ukiwa Safe Mode ingia kwa namba 5 badala ya 4. Waya wa mtandao ndio wa uhakika zaidi hapo. Ya mwisho itakuuliza kama ifanye kazi utakapowasha tena; jibu Y. Wengine watakwambia uandike chkdsk C: /r. Hiyo inasoma diski nzima pahala kwa pahala, na kwa diski kubwa ya kuzunguka ni kazi ya usiku kucha. Usiianze kwenye diski ambayo mafaili yake hujayanakili, maana kwa diski dhaifu msukosuko huo ndio unaoimaliza.

Hatua ya 10: Kurudi, kubadili, au kuanza upya

Kama umefika hapa na bado inaganda, una njia nne. Nitakupa kwa mpangilio ninaouamini.

Kurudi Windows 10. Ikiwa hujapitisha siku 10 tangu kupandisha, nenda "Settings", "System", "Recovery", "Go back". Kama haifunguki kabisa, chaguo la kurudi kwenye toleo la awali limo pia kwenye menyu ya urejeshaji, ndani ya "Advanced options". Mafaili yanabaki. Microsoft ilitangaza masasisho ya ziada ya usalama ya Windows 10 kwa watu binafsi wanaojiandikisha, hadi 13 Oktoba 2026, kwa hiyo kurudi kunakununulia muda wa kupanga.

Kuweka SSD. Kwa laptopu yenye diski ya kuzunguka, hakuna pesa unayoitumia ikakupa faida kama hii. SSD ya SATA ya inchi 2.5 inaingia palepale ilipotoka diski ya zamani, na mashine iliyokuwa ikichukua dakika nyingi kufunguka inafunguka kabla hujamaliza kukaa vizuri. Kama hapa kisiwani haipo, agiza Mombasa ije kwa basi hadi Mokowe. Ongeza na RAM ifike GB 8 ikiwa uwezo upo.

Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Kwa mwenye Core 2 Duo, au GB 4 za RAM asizoweza kuziongeza, hii ndiyo ninayomshauri bila kusita, toleo lake jepesi la Xfce. Barua utaandika, intaneti utaingia, eCitizen itafunguka, filamu utatazama. Unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kuiweka.

Kufomati. Ikiwa mafaili yako salama, diski imesema "Good", na hakuna lingine, tengeneza flashi kwa Media Creation Tool ya Microsoft kwenye kompyuta ya kuazima. Kwa mashine isiyomo kwenye orodha ya Microsoft tumia Rufus. Kuingia kwenye menyu ya kuwashia: HP ni F9, Dell na ThinkPad ni F12.

Ukikwama

Safe Mode nayo inaganda. Tengeneza flashi ya Linux Mint kwa Rufus kwenye kompyuta nyingine, washia laptopu kutoka kwenye flashi hiyo bila kuiweka ndani, fungua diski yako, unakili mafaili. Kama Linux inafanya kazi saa nzima bila kuganda, huenda RAM na prosesa ni salama. Yaelekea ugonjwa umo kwenye Windows au kwenye diski. Na kama flashi ya Linux nayo inasimama kwenye skrini nyeusi, washa tena, chagua kwenye menyu ya mwanzo ile hali ya kupatanisha, "compatibility mode".

Inataka ufunguo wa BitLocker na hukuwahi kuuweka. Mashine nyingi hujifunga zenyewe ukiingia kwa akaunti ya Microsoft. Tafuta kwenye akaunti zote ulizowahi kutumia, hata ile ya mtoto au ya kazini. Bila ufunguo mafaili hayafunguki, na anayekwambia ataufungua kwa malipo usimpe pesa.

Saa na tarehe zinarudi miaka ya nyuma kila ukiwasha. Betri ndogo ya ndani imekwisha. Katika laptopu nyingi ni CR2032 ya volti 3. Ikiisha, mipangilio ya BIOS hurudi ya kiwandani, na namna diski inavyosomwa inaweza kubadilika. Badilisha betri, kisha ingia BIOS (F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad) uhakikishe SATA imerudi kwenye hali iliyokuwapo, kwa kawaida AHCI.

Inaganda ovyo, leo hapa, kesho pale. Shuku RAM au joto. Washa kipimo cha RAM cha Windows, mdsched.exe. Hapa kwetu kuna sababu mbili ambazo miongozo ya bara haizitaji. Hewa ya chumvi inaweka kutu kwenye meno ya RAM, na unga wa chokaa unaodondoka kutoka kuta za nyumba za kale unaziba feni. Toa betri, gusa chuma ili umeme wa mwilini uondoke, chomoa RAM, sugua meno yake taratibu kwa kifutio cheupe cha penseli, pangusa, rudisha mpaka isikike ikinasa. Feni ipulize kwa hewa, ukiishika isizunguke. Na usiiweke laptopu kitandani wala juu ya mkeka ikiwa inafanya kazi, hasa wakati wa joto la kaskazi.

Inafunguka lakini Wi-Fi imepotea. Draiva yake haikuhama. Ipakue kwa simu kutoka tovuti ya mtengenezaji, ihamishe kwa waya wa USB. Simu yenyewe pia inaweza kutoa intaneti kwa waya huo ukiwasha "USB tethering".

Ikibidi uipeleke kwa fundi, Malindi au Mombasa, mwandikie kwenye karatasi: modeli kamili, RAM na aina ya diski, pahala inapogandia, kama Safe Mode inafunguka, CrystalDiskInfo ilisema nini, na tarehe uliyoipandisha. Umwonyeshe na picha za skrini. Juu kabisa ya karatasi hiyo andika kwa herufi kubwa: USIFOMATI BILA KUNIPIGIA, na namba yako ya simu.